Nani Kakata Umeme?

Ukurasa wa mbele ulikuwa umeshafungwa, imebaki kona ya chini yenye nafasi ya aya nne. Nikaijaza kwa habari ya giza lililokuwa limetanda upande mmoja wa Dar es Salaam tangu alasiri, na juu yake nikaweka kichwa ambacho ungekikuta kwenye gazeti lolote: "Umeme wakatika, wakazi walalamika". Nikachapa prufu, nikampelekea Mzee.

Mzee ndiye aliyekuwa mhariri wa zamu ya usiku. Mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye kalamu nyekundu isiyotoka mkononi na mazoea ya kusoma kwa kunong'ona, midomo ikicheza kama anavuta uradi. Akafika kwenye kile kichwa, midomo ikatulia.

"Umekatika wenyewe?"

"Umekatika tu, Mzee. Ndivyo watu wanavyosema."

"Watu gani? Huko Buguruni unakokaa, taa zikizimika watoto wanapiga kelele gani?"

Sikuhitaji kufikiri. Taa zikizimika Buguruni, mtaa mzima huitika kwa neno moja: "Wamekata!" Zikiwaka: "Wamerudisha!" Neno umekatika hulisikii uani. Unalisikia kwenye tangazo la kuomba radhi.

"Kamba mbovu hukatika," akasema. "Kamba nzima hukatwa. Kaangalie hii ni kamba ipi, ndipo urudi."

Nikapekua makaratasi ya siku mbili nyuma, nikalikuta tangazo: laini ile ingezimwa kuanzia saa tisa alasiri ili mafundi wabadilishe nguzo. Kumbe haukukatika. Ulikatwa, tena kwa sababu nzuri. Mzee akachukua kalamu, akafuta mkia wa kitenzi changu, akaandika mwingine: "Umeme wakatwa kupisha mafundi". Waliokata hawakuonewa, na waliokaa gizani hawakudanganywa. Mimi niliyekuwa nimetoka chuoni nikiamini kwamba siasa ya maneno inafanyika jukwaani, kwenye hotuba na kaulimbiu, nikabaki nimesimama na prufu mkononi nikiangalia silabi moja.

Nilifanya kazi chini ya mtu huyo miaka kadhaa, na sijawahi kuona ufundi unaostahili kutazamwa taratibu kama ule wake. Kwa hiyo nitauelezea jinsi nilivyouona, pamoja na ule wa upande wa pili aliokuwa akipambana nao kila usiku, maana wanaotuchagulia maneno ya siasa nao ni mafundi hasa, na Mzee hakuwadharau hata siku moja.

Kiswahili kimetupa mikia ya vitenzi inayofanya kazi nzito kimyakimya. Chukua fedha za umma zisizoonekana. Zikisemwa zimepotea, zimejipoteza, kama mbuzi aliyekata kamba usiku. Zikisemwa zimepotezwa, mlango umefunguka kidogo na nyuma yake pana kivuli. Zimeliwa: sasa mtu yumo, na ana tumbo. Wamekula: mtu yuko wazi, amebakiza kutajwa jina. Mkaguzi wa hesabu naye ana lake, fedha ambazo matumizi yake hayakuthibitishwa, na hilo halimhukumu mtu wala halimsafishi. Linasema karatasi haipo. Mzee alilipenda hilo la mwisho pale ambapo kweli kilichokosekana ni karatasi. Pale ambapo hukumu ilishasomwa na mtu yuko gerezani, alilifuta kwa ukali uleule aliofutia "wamekula" ya juzi. Kwake mkia wa kitenzi ulikuwa kipimo cha mwandishi anajua kiasi gani, na kusema zaidi ya unachojua au pungufu yake lilikuwa kosa moja.

Ukishajifunza kusikia mikia, unaanza kusikia majina. Rushwa ina mikono miwili, wa kutoa na wa kupokea, na sheria inaishika yote. Dereva na anayemsimamisha barabarani wamo ndani ya neno hilohilo, muuguzi na mwenye mgonjwa vilevile. Ufisadi hauna mkono wa pili. Fisadi wa wazee wa pwani alikuwa mharibifu wa nyumba za watu, mtu wa kuogopwa na wenye wake na wenye mabinti. Tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa aliposoma orodha ya majina ya wakubwa aliowatuhumu, neno lilikuwa limeshaanza kuhama kutoka chumbani kwenda hazina. Baada ya siku ile likahamia na mizigo yake yote. Na tazama lilichokifanya: mwananchi aliyekuwa nusu ya rushwa akatoka ndani ya neno, akabaki mwenye nyumba aliyeharibiwa. Hasira ya watu ikapata njia, kwa sababu haikulazimika tena kupitia kwenye dhamiri zao wenyewe. Sijui mwanasiasa gani wa nchi hii amewahi kupata chombo chenye makali kama hayo.

Mzee alikitumia kwa kubana. "Mtuhumiwa wa rushwa ana mahakama," alikuwa akituambia. "Fisadi umeshamhukumu wewe." Neno likija kwenye nukuu aliliacha, kwa sababu aliyelisema alikuwa na jina lake. Likija kwenye sentensi zetu wenyewe alilizungushia duara nyekundu na kuuliza kesi ya mtu huyo ni namba ngapi.

Lakini neno lililomshughulisha kuliko yote, lililomkosesha raha kabisa, lilikuwa takrima.

Wasomaji vijana labda hawalikumbuki vizuri. Mwaka 2000, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, sheria ya uchaguzi ilifanyiwa marekebisho. Vikaingia vifungu vilivyosema kwamba kitu kinachotolewa kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa jadi, hakitahesabiwa kuwa ni rushwa. Mtaani na magazetini vifungu vile vikapata jina moja, takrima, na uchaguzi wa mwaka ule na ule wa 2005 ukafanyika chini yake. Pilau, kanga, chumvi, nauli ya kurudi nyumbani, vyote vikapata pa kujificha.

Mzee alinikalisha usiku mmoja, gazeti limeshaenda mtamboni, akanifungulia neno lile kama fundi saa anavyofungua saa. Takrima, alisema, ni neno la kizingitini. Mgeni akipiga hodi, kabla hujamuuliza lililomleta, unamkirimu: maji, kahawa, kipande cha muhogo ikiwa ndicho kilichopo. Hakuna anayehesabu. Ukihesabu takrima umeivunja. Hapo akaanza kunionyesha gurudumu moja moja. Kwa kuwa haihesabiwi, sheria haikuwa na haja ya kuweka kiwango. Mwenye gunia la mchele na mwenye magunia mia wote ni wakarimu. Kwa kuwa kuikataa ni utovu wa adabu, mwanakijiji anayesema "sipokei" anaonekana yeye ndiye mwenye kasoro. Na kwa kuwa ni mila, anayeipinga anaonekana anapinga mababu.

"Lakini gurudumu lenyewe ni hili," akasema, akaegemea mbele. "Mgombea akija kijijini, nani mgeni?"

Nikasema mgombea.

"Basi takrima ni ya nani kumpa nani?"

Nilikaa kimya muda mrefu. Kwa mila yoyote ninayoijua, ya pwani au ya bara, mgeni ndiye anayekirimiwa. Aliyekuja na msafara wa magari kuomba kura ni mgeni wa kijiji, na kijiji ndicho kilichopaswa kumtandikia mkeka. Neno takrima lilipopewa mgombea liligeuza nyumba nzima: mgeni akawa mwenyeji, wenyeji wakawa wageni kwao, wamekaa chini kwenye ardhi yao wakisubiri kupakuliwa. Na anayepakua ndiye mwenye nyumba. Yote hayo kwa neno moja lisilo na tusi wala ahadi, lililokuwa likinukia kahawa na ubani.

Nimesoma maelezo mengi ya namna lugha inavyotawala mjadala. Sijaona yaliyonionyesha kama lile swali la nani mgeni.

Mwaka 2005 mashirika matatu, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na LEAT na NOLA, yakaenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vile, na Aprili 2006 mahakama ikavifuta. Ilikubali kwamba vinabagua kati ya mgombea mwenye nacho na asiye nacho, na kwamba hakuna mpaka unaoonekana kati ya takrima hiyo na rushwa. Tukaiweka ukurasa wa mbele. Kijana mmoja wa meza ya siasa alileta kichwa, "Takrima yapigwa marufuku". Mzee akakirudisha: takrima haikupigwa marufuku, mama yako bado ana haki ya kumpa mgeni chai. Akaandika, "Mahakama yafuta vifungu vya takrima". Kirefu zaidi, kibaya zaidi kwa macho, lakini kilikuwa kweli, na nadhani lilikuwa jaribio lake la kuliokoa neno.

Halikuokoka. Mama yangu mkubwa, aliyezoea kusema "nimefika kwa fulani wakanifanyia takrima kubwa", aliacha. Akawa anasema tu kwamba walimpokea vizuri. Nilipomuuliza akanijibu kwamba neno limeshachafuka. Hili huwa linaniuma zaidi ya kesi yenyewe. Sheria ilifutwa na majaji, lakini neno lililochukuliwa kizingitini halikurudishwa mahali pake, na hakuna hukumu inayoweza kumrudishia mama yangu mkubwa.

Mafundi wakubwa wa kazi hii hawakuanza juzi. Mwalimu Nyerere alipotaka kuwaambia wakulima habari za ujamaa mwaka 1962, hakuwaletea usoshalisti. Alikwenda kwenye neno jamaa, ndugu waliokaa pamoja, akalipa kazi ya taifa. Ni vigumu kubishana na neno ambalo tayari linakuita ndugu. Mtu huyohuyo alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venisi, 1969 ikatoka kwa jina la Mabepari wa Venisi. Bepari, neno lililotufikia kutoka Bara Hindi, zamani alikuwa mfanyabiashara tu. Miaka miwili baada ya Azimio la Arusha hakukuwa na aliyelisikia hivyo, na tamthilia ikaingia shuleni ikiwa imeshahukumiwa kwenye jalada.

Halafu upepo ukageuka, na hapo ndipo Mzee aliponifundisha kufuatilia mtu mmoja katikati ya majina mengi. Fikiria muuza duka. Mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya uhujumu uchumi, akikutwa na katoni za sabuni chini ya kitanda alikuwa mlanguzi. Miaka michache baadaye, chini ya Rais Mwinyi na ruksa zake, sabuni ileile iko kwenye rafu na yeye ni mfanyabiashara. Akikaa zaidi anakuwa mjasiriamali, neno lililoungwa kwa ujasiri na mali, hivi kwamba kuuza sabuni sasa ni ushujaa. Akipata wa kushirikiana naye kutoka nje, ni mwekezaji. Duka ni lile, sabuni ni ile, mtu ni yule. Kila jina lilikuja na sera yake mfukoni.

Neno moja tu la kipindi hicho liliwashinda wenye sera, nalo ni ubinafsishaji. Lilitokana na binafsi, kwa kanuni sahihi kabisa za uundaji wa maneno, na ndani yake mlikuwa mmekaa ubinafsi, dhambi ambayo kizazi kizima kilifundishwa kuichukia tangu darasa la kwanza. Kila waziri aliyesimama kuusifu ubinafsishaji alikuwa anatamka kosa hilo kwa kinywa chake. Chombo chenyewe cha kazi hiyo kilibeba jina la kurekebisha mashirika ya umma, na naamini aliyechagua kurekebisha alikuwa amelisikia tatizo. Watu wa kijiweni hawakutaka hili wala lile. Wao walisema "wameuza".

Na kuchangia! Ada zilipoanza kutozwa katika hospitali za serikali mwaka 1993, ziliitwa uchangiaji wa gharama. Kuchanga ni kwa harusi, kwa msiba, kwa mtoto wa jirani aliyefaulu. Mchango haudaiwi na haukataliwi. Anayekwepa anaonekana mchoyo mbele ya ndugu. Mama aliyesimama dirishani na mtoto mwenye homa, akaambiwa "achangie kidogo", hakuwa na neno la kukataa kwa sababu alilopewa halikuwa la madai. Kwa kulinganisha, tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021 ilikuja na jina la wazi, na ingawa wapo waliojaribu kuipa sura ya mshikamano, watu waliendelea kusema tozo na makato, wakalalamika mpaka viwango vikapunguzwa. Sisemi jina peke yake ndilo lililofanya hivyo. Ila neno lililo wazi humpa mlalamikaji pa kushika.

Mjadala wa Muungano ndio darasa refu kuliko yote. Husimuliwa kwamba Mzee Abeid Amani Karume aliufananisha Muungano na koti: likikubana, unalivua. Mwalimu, katika kitabu chake cha 1994 kuhusu uongozi na hatima ya Tanzania, alieleza kwamba serikali moja iliogopwa isije ikaonekana Tanganyika imeimeza Zanzibar. Koti linavuliwa, kilichomezwa hakitoki. Anayeanza na koti na anayeanza na tumbo hawabishani juu ya jambo moja, hata wakitaja ibara ileile. Serikali nazo zikaleta neno la tatu, kero za Muungano. Kero ni mbu chandaruani. Inahitaji kamati ya kuishughulikia, haihitaji katiba, na walioliweka neno hilo walifanikiwa kwa miaka mingi kuyaweka maswali ya mamlaka na mapato kwenye kiwango cha usumbufu.

Halafu, tarehe 30 Desemba 2013, Tume ya Mabadiliko ya Katiba ikakabidhi rasimu yake ya pili, iliyokusanywa kutoka kwenye mikutano ya wananchi wa pande zote mbili. Ndani ya wiki chache kila mtu, rafiki na adui, alikuwa akiiita Rasimu ya Warioba, kwa jina la mwenyekiti wa Tume. Mzee alikuwa ameshastaafu, akanipigia simu kwa ajili ya hilo tu. Aliniambia jina hilo litaiua rasimu, kwa sababu maoni ya wananchi yakishapewa jina la mtu mmoja, kuyapinga ni kumpinga mtu mmoja. Waliotoka nje ya Bunge Maalum tarehe 16 Aprili 2014 walijiita Umoja wa Katiba ya Wananchi, na nadhani walikuwa wanajaribu kulirudisha lile lililopotea. Waliobaki walipitisha tarehe 2 Oktoba kitu kilichoitwa Katiba Inayopendekezwa. Utazame mkia huo: inayopendekezwa na nani? Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 nayo ikaahirishwa, na huo ni mkia wa aina ileile.

Siku ambayo neno lenyewe lilisimamishwa kizimbani naikumbuka vizuri zaidi. Desemba 2018, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Profesa Mussa Assad, akihojiwa na idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa, alisema kwamba ripoti za ukaguzi zisipofanyiwa kazi, kwake huo ni udhaifu wa Bunge. Januari 2019 Spika Job Ndugai akamtaka afike mbele ya kamati ya maadili. Profesa akajitetea kwamba udhaifu ni neno la kila siku katika taaluma ya ukaguzi. Aprili 2 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Neno hilo lilikuwa limeshafika Bungeni kabla: Juni 2012 mbunge John Mnyika alilielekeza kwa Rais, akakataa kulifuta, akatolewa nje.

Nilimpigia Mzee. Sikutaka anipe msimamo, nilitaka anifungulie neno.

"Wote wawili wana haki ya kulisikia walivyolisikia," alisema. "Udhaifu ni u. Unakaa kwenye mfumo, kwenye ukuta, kwenye hesabu. Mkaguzi anauandika kila siku na hakuna anayelia. Lakini ukiuweka karibu na watu, ile u inadondoka, anabaki dhaifu. Na dhaifu kwa Mswahili ni mgonjwa, au ni mwanamume asiyejiweza."

"Angesema nini, basi?"

"Angesema hivyohivyo. Alikuwa anasema kweli kwa lugha ya kazi yake. Kosa ni la aliyeondoa u."

Sijasikia mtu mwingine aliyeieleza kesi ile kwa herufi moja. Na nakiri kwamba tangu hapo siwezi kusoma ripoti ya ukaguzi bila kuziangalia zile u, jinsi zinavyoshikilia maneno yasiwaangukie watu.

Kuna mahali ufundi huu unatisha, na Mzee hakunificha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mchungaji Christopher Mtikila alilieneza neno walalahoi, na mitaa ikalipa pacha, walalahai. Vokali moja inatenganisha aliyelala akiwa hoi na aliyelala akiwa hai. Ukiyatamka mfululizo unasikia nchi nzima ikigawanyika kwenye ulimi wako. Ni kazi nzuri mno. Lakini mikutano ileile ilitoa pia magabacholi, neno la kuwatupia Watanzania wenye asili ya Asia, na ma- ile iliyowarundika watu kama mizigo ilikuwa ufundi uleule, kutoka mkono uleule.

Jipu vilevile. Rais Magufuli alipoingia madarakani mwishoni mwa 2015 na kuanza kutumbua majipu, nilisikia watu wakilipokea neno hilo kwa nafuu ya kweli, kama mtu aliyekuwa hawezi kukaa. Kila mmoja wetu amewahi kuwa na jipu, anajua uchungu wake na raha ya usaha ukitoka. Mzee alisema kitu kimoja tu: jipu haliulizwi lina la kusema. Linakamuliwa. Mtumishi aliyesimamishwa asubuhi mbele ya kamera, awe mwizi au awe ameonewa, tayari alikuwa usaha kabla hajafika kwa mwanasheria. Nililiandika neno hilo kwenye vichwa vya habari mara nyingi mwaka ule, nikijua ninachofanya, kwa sababu lilikuwa fupi na lilijaa kwenye safu moja. Natamani ningekuwa na kalamu yake mezani.

Nilikwenda kumtazama Tanga, nyumbani kwake Ngamiani. Nikamkuta barazani na kahawa chungu na gazeti la siku ile, kalamu nyekundu juu ya sikio. Nikatoa shikamoo, akaniitikia marahaba bila kuinua macho, akanisogezea kigoda, kisha akanigeuzia ukurasa. Palikuwa na habari ya watu walioambiwa wahame kwenye eneo fulani, na kichwa kiliwaita wavamizi. Alikuwa ameshalipiga neno mstari, lakini juu yake hakuandika kitu.

"Wewe ungeweka nini?"

Nikasema wakazi.

"Hapana. Wavamizi ni neno la anayewatoa, wakazi ni neno la asiyetaka watoke. Umebadilisha bwana tu." Akanywa funda la kahawa. "Habari inasema wamejenga lini?"

Nikaisoma yote, mstari kwa mstari. Haikusema.

"Aliyewauzia viwanja?"

Haikusema. Wala haikusema kama waliwahi kuandikiwa risiti, au kama ofisi ya mtaa ilipiga mhuri.

"Basi neno bado halijapatikana," akasema. "Huwezi kulipata ukiwa umekaa. Mtu lazima apande gari aende." Akatoa simu yake ya tochi, akaniomba nimtafutie namba ya mhariri wa gazeti lile, kijana ambaye hajawahi kumwona, na kabla sijaipata akawa ameshaanza kunong'ona jinsi atakavyomwanza: kwanza salamu, halafu swali la mwaka.